Mzigo wa Hamali

Kilichoanza ni harufu. Kiyoyozi cha chumba cha majaribio kiligandisha vidole, ila tangu asubuhi chumba kilinuka jasho la mtu aliyetembea juani kutwa. Mjaribu michezo ya kompyuta, mama wa binti mmoja, alijinusa kwapa, akaona si yeye, akarudi kazini. Wiki ya tatu hiyo anacheza mchezo uleule akitafuta kasoro, na alikuwa hoi.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa nne katika mfululizo wa Hamali. Katika ile mitatu ya zamani, Hamali alikimbia na gunia kichwani akiruka kuta na mashimo. Katika huu haruki kabisa. Amezeeka, anarudi kwao kwa miguu na gunia lake lilelile, basi. Wachezaji watatutukana, mjaribu aliwaza, na mimi nitawasaidia.

"Unasikia anavyohema?" alimnong'oneza mchoraji wa meza ya nyuma.

"Nani? Hamali hajawekewa sauti bado. Dada, nenda kalale." Mchoraji akatoka kwenda kula.

Mjaribu alizima spika. Kuhema hakukukoma.

Mle ndani walikuwa na desturi. Hamali akiachwa dakika moja bila kuendeshwa, jaribio huanza upya, kwa hiyo anayetaka kutoka humwambia mwenzake "Nishikie," na mwenzake hunyoosha mkono kupokea rimoti ya mchezo bila hata kugeuka, akajibu "Nimeshika." Basi saa tisa alasiri, kope zikiwa nzito, harufu ya jasho ikimkaba koo na kule kuhema kukiwa sasa nyuma ya sikio lake, aliposikia sauti ya kizee, iliyochoka hadi ikatia huruma, ikisema "Nishikie," alinyoosha mkono nyuma na kujibu kama alivyozoea.

"Nimeshika."

Ndipo akakumbuka kwamba yuko peke yake. Kwenye kioo, Hamali alikuwa ameketi chini, hana gunia. Hakuna aliyewahi kumchora ameketi.

Shingo ya mjaribu ilididimia mabegani. Alirudi nyumbani amepinda, akihema, amebeba kitu ambacho hakuna aliyekiona. Dawa yake aliijua, maana ndiyo iliyomponza: amwambie mtu neno lile moja, naye aitikie, kwani ni lile jibu lililouhamisha mzigo. Njiani alipishana na watu wengi, na kila mara aliuma ulimi. Bora afe nao kuliko kumtwisha mtoto wa mwenzake. Kesho atatafuta mganga.

Binti yake alifungua mlango. "Mama! Mbona umepinda hivyo?"

"Nimechoka tu, mwanangu. Niache nipite, usiniguse."

"Wewe nawe kwa ubishi!" Binti alimvua mkoba begani kabla mama hajarudi nyuma. "Lete huo, nimeshika."

Shingo ya mama ikanyooka. Miguu ikawa myepesi, na kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, aliona raha. Kisha akamsikia binti yake akihema.