Mdomo Kwenye Udongo

Jamani, hili sikuhadithiwa. Nilikuwepo, mchana kweupe, nimekalia ndoo gereji kwa mtoto wa kaka yangu, nabwabwaja na kucheka mpaka pengo langu la mbele linapigwa na jua.

Kijana siku hiyo ana furaha! Kanunua bomba jipya la kuvutia hewa, eti injini ingurume kama simba. Aliyelifunga ni mwenzake, yule tunamwita Mpole. Miaka kumi wako gereji moja. Miaka kumi anakula kwangu bila hodi.

Sasa, bomba halitakiwi kugusa boneti. Wao wanapima hivi: wanabandika donge la udongo laini juu ya bomba, wanafunga boneti, wanafungua. Udongo ukibaki mnene kama kidole, nafasi ipo.

"Nafasi ipo, bosi," Mpole akasema. Akaishusha boneti tena, haraka. "Washa."

Kijana akawasha. Injini ikavuta hewa, hhhhp! Na yeye pumzi ikamkatika.

"Kanyaga tena," Mpole akamwambia, taratibu.

Akakanyaga. Macho yakamtoka. Midomo ikawa myeusi.

Nikapitisha mkono dirishani, nikachomoa ufunguo. Injini ikazima. Kijana akavuta hewa kama mtu aliyeopolewa kisimani.

Boneti nikafungua mwenyewe. Udongo umelala bapa kama karatasi. Katikati, alama ya mdomo. Meno. Mwanya. Mwanya wa mtoto niliyemlea!

Nikang'oa chujio la hewa la lile bomba. Ndani, kola ya shati lake la shule, imeshonewa uzi mwekundu.

Shati lile nilimpa Mpole kwa mkono wangu huu. "Shangazi, huna nguo kuukuu za kufutia oili?" aliniomba. Nikampa, na gauni langu moja juu, huku nacheka! Kikulacho ki nguoni mwako, kumbe nguo yenyewe unaitoa wewe.

"Mwenzio kakukosea nini?" nikamuuliza Mpole.

Hakukana. Akaninong'oneza: "Wateja wote wanamuulizia yeye, shangazi."

Akakusanya spana zake, akaondoka.

Bomba tukalipondaponda. Udongo nikauzika nyuma ya choo, nikaukanyaga.

Leo asubuhi nimeukuta dirishani kwangu. Una mdomo mwingine.

Huu hauna mwanya. Una pengo, la mbele.

Na tangu niamke, nikicheka, kicheko hakifiki mwisho.