Mgeni wa Upande Gani

Mwongozo wa Kuwakaribisha Wageni Wasio Abiria Ndani ya Meli Ikiwa Bandarini, Toleo la Pili.

Toleo la kwanza lilifutwa kwa sababu ya mbuzi. Abiria mmoja wa Bugarama aliwaalika shemeji zake waje kuiona meli, nao wakaja na mbuzi, kama watu waliolelewa vizuri. Mwongozo haukusema kama mbuzi ni mgeni au ni mzigo. Kikao kikaitishwa, chai ikanywewa, sambusa zikaliwa, na toleo la pili likatoka likiwa na kifungu kizima cha mifugo. Kuhusu watu halikuongeza kitu. Watu walionekana hawana utata.

Mimi, Salmini, ndiye niliyekabidhiwa kuutekeleza. Meli yetu huzunguka ziwa na watalii wa humu humu nchini: wastaafu, wanunuzi wa dhahabu, maharusi. Tukifunga gatini nasimama chini ya ngazi na fulana ya rangi ya chungwa na filimbi. Abiria anaruhusiwa kumwita ndugu yake apande, aone vyumba, ale chakula cha jioni. Honi ikilia, mgeni anashuka na mwenyeji anamsindikiza. Basi.

Jioni ile tulikuwa kwenye gati la upande wa Geita. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima wa marudio, ule mchanga ambao wachimbaji wakishauosha dhahabu yake huumwaga na kuusahau. Tulikuwa na maharusi, Luka, mwalimu wa Shinyanga mjini, na Nyamizi, binti wa Masumbwe, walioana Jumamosi iliyopita. Ndugu wa pande zote mbili walikuja na Fuso, wakapanda, wakapigana picha kila kona, wakashuka wakiimba. Nikadhani wageni wamekwisha.

Kisha nikasikia harufu.

Udongo. Udongo wa chini kabisa, ule unaotolewa duarani, kwenye mashimo ya wachimbaji... udongo ambao haujawahi kuliona jua.

"Marahaba," ilisema sauti nyuma yangu.

Sikuwa nimemwamkia mtu.

Nikageuka. Alikuwa bibi kizee mfupi, kaniki begani, miguu peku. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na gati lote lilikuwa tope. Miguu yake ilikuwa mikavu, myeupe kwa vumbi.

"Shikamoo, bibi," nikasema, nimeshachelewa.

"Nimeshaitikia, mjukuu wangu."

"Wewe ni mgeni wa nani?"

Akaelekeza midomo juu, walikokuwa wameegemea Luka na Nyamizi. "Wa maharusi."

Nikapaza sauti: "Maharusi, mmetembelewa na bibi huku!"

Luka akamtazama mkewe. Nyamizi akamtazama mumewe. Kila mmoja akatabasamu kwa adabu, na Nyamizi akapiga goti pale pale juu.

"Karibu, bibi," wakasema kwa pamoja.

Nani atamhoji bibi wa mwenzake wiki ya kwanza ya ndoa?

Giza lilipoanza kuingia nilipanda kuwakumbusha muda. Mlango wa chumba cha chakula ulikuwa wazi. Bibi alikuwa ameishika mikono ya Nyamizi, anaigeuza, anaipapasa viganja kama mtu anayechagua mihogo sokoni.

"Mikono mizuri," alinong'ona. "Haijachoka bado."

"Kula, bibi, pilau inapoa," Nyamizi akasema.

"Nifungieni. Nitawapelekea wenzangu."

"Wako wapi?" Luka akauliza.

"Kazini."

"Mpaka saa hizi? Kampuni gani hiyo, bibi, haina hata likizo?"

Bibi hakucheka.

Mama Sesilia, mpishi wetu, akanivuta shati. "Yule ni wa nani?"

"Wa maharusi."

"Wa upande gani?"

Mama Sesilia akanikaribia sikioni. "Ile pilau nimeipakua mwenyewe, inatoa moshi. Alipoishika tu sahani... moshi ukakatika."

Honi ikalia.

Nilishuka kwenye nafasi yangu. Nyamizi akaja na bibi, amejitwika lile fungu la pilau kichwani. Alipofika kwangu akapunguza sauti. "Kaka Salmini, mwambie Luka bibi yake namfikisha getini tu. Honi ya pili, ya kuondoka, itanikuta nimesharudi."

"Nisindikize kidogo, mjukuu wangu," bibi akasema, ameshatangulia.

"Haya, bibi."

Kumsindikiza mgeni kuna kanuni ambazo hakuna kikao kilichokaa kuziandika. Mwenyeji hageuki mpaka mgeni mwenyewe aseme inatosha, rudi. Na mgeni akiwa mzee, wewe unanyamaza na kutembea.

Wakafika getini. Wakapita.

Luka akashuka akiwa na sweta la mkewe. "Hawa bibi zake Nyamizi wagumu," akasema. "Umri ule na anatembea hivyo."

"Bibi zake?" nikasema. "Nyamizi ameniambia ni bibi yako."

"Bibi zangu walishafariki wote."

Tukatazamana.

Kisha tukakimbia.

Redio ikakoroma kiunoni. Alikuwa Kapteni Akida. "Salmini, nani amekuruhusu kuacha ngazi?"

"Kuna abiria yuko nje, Kapteni."

"Utaandika maelezo."

"Nikirudi."

Nje ya geti barabara inakwenda mjini, lakini nyayo za Nyamizi zilikata kushoto, kuelekea mlima wa marudio. Nyayo zake peke yake. Tukazifuata, viatu vinazama mchangani. Halafu tukasikia...

Kong... kong... kong...

Kama watu wanaoponda mawe kwenye vinu vya chuma. Wengi, kwa mwendo mmoja. Ule mlima haufanyiwi kazi. Wachimbaji walihama pale zamani, na hata mbwa hawapiti.

Kong... kong...

"Hapo tu, bibi," ilisema sauti ya Nyamizi.

Tukamwona. Anapanda mchanga taratibu, fungu kichwani, macho chini, kama mkwe anayepewa maagizo.

"Haya, bibi... mpaka pale. Ndiyo... nazionyesha."

Akainua viganja mbele yake.

Mbele yake hapakuwa na mtu.

Luka akamwita. Hakugeuka. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi, na akaendelea kutembea akiniburuta kama kamba ya ng'ombe. Mimi si mwepesi. Mlio ulikuwa umekaribia sasa, nyuma tu ya kilele, na ile harufu ya duara ilikuwa imenijaa kooni.

Luka akampita mkewe. Akasimama mbele yake, akageukia palipokuwa patupu. Kisha akainama kidogo, kama kijana wa heshima.

"Shikamoo, bibi."

Mlio ukakoma.



"Mke wangu amechoka," Luka akasema. Maneno aliyapanga kama yuko ubaoni. "Nimekuja kumpokea mzigo. Nitakusindikiza mimi."

"Marahaba."

Ilisemwa sikioni mwangu. Nilihisi vumbi shavuni.

Luka akalitua lile fungu kutoka kichwani mwa Nyamizi. Hapo hapo Nyamizi akaanguka, nikamdaka.

"Mpeleke melini," Luka akaniambia. "Nafika hapo tu."

"Luka, usiende."

"Nikimwacha bibi njiani atamrudia huyu." Akamwekea mkewe sweta mabegani, akaifunga mikono ya sweta shingoni. "Mwambie nilikuja kumfuata."

Akapanda. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimsikia akisema, "Ndiyo, bibi," mara moja, halafu kilele kikamficha.

Kong... kong... kong...

Nilimbeba Nyamizi hadi gatini. Mama Sesilia alipomfungua viganja chini ya taa, akavifunga tena upesi. Mikono ile ya bibi harusi, iliyokuwa bado na hina, ilikuwa imeota sugu za mtu aliyeponda mawe maisha yake yote.

"Wale wa mlimani hawamshiki mtu kwa nguvu," alisema, akimfunika blanketi. "Wanangoja uwe na adabu."

Meli ilichelewa kuondoka. Polisi walikuja, na vijana wa machimboni wakaja na tochi zao za kichwani, wakaupanda mlima wote. Kule juu walikuta fungu la pilau, kavu, halijaguswa. Upande wa pili wa kilele hapakuwa na nyayo.

Nyamizi anaishi kwa wakwe zake Shinyanga. Anaongea vizuri, anapika, anacheka. Usiku hulala na glavu.

Toleo la tatu la Mwongozo limeshatoka, nalo linadai mgeni athibitishwe na mwenyeji mmoja anayetambulika. Taarifa ya Kapteni Akida inasema abiria mmoja alishuka kwa hiari yake na kushindwa kurejea kwa wakati. Maelezo yangu yalirudishwa nikaambiwa niyafupishe. Nimeyafupisha. Luka alimpokea mkewe mzigo, akamsindikiza mgeni ambaye hakuna aliyemwalika, na hajarudi.