Doto Alikosa Makusudi, Kulwa Akatia Sahihi

Vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Mimi ni bibi wa miaka sabini na moja, naishi Buhongwa, shule niliishia darasa la tatu. Maneno matamu sina.

Nililea wajukuu mapacha, Kulwa na Doto, tangu mama yao afariki. Sahani moja, shuka moja. Ukimchapa mmoja wanalia wote!

Ukubwani wakapenda gofu. Mshindi ni aliyepiga mpira mara chache. Nikauliza, fundi akishindana na anayejifunza, si uonevu huo? Kulwa akacheka.

"Bibi, ni kama kulima. Mwenye nguvu anapewa ngwe ndefu, wewe tunakupa fupi, tunamaliza pamoja."

Kumbe wanaangalia kadi zako za nyuma na uwanja ulivyo mgumu, kisha aliye dhaifu anapunguziwa mipigo; hiyo ndiyo nafuu yake. Na kadi yako lazima mwenzako uliyecheza naye aitie sahihi.

Kadi za Doto alisaini Kulwa. Nani anamkagua pacha wake...?

Doto akawa anapiga ovyo. Mpira vichakani, mpira majini! Kulwa anamwonea huruma, anasaini. Nafuu ya Doto ikazidi kukua. Siku ya mashindano akageuka simba, akawaacha wote mbali...

Angenyamaza! Wapi. Akajisifu kwenye pombe: "Nilikuwa nakosa makusudi, mazuzu nyie!"

Viongozi wakawaita wote wawili. Hapo ndipo Doto aliponiua. Alisema, "Kulwa alijua. Sahihi si yake hiyo?"

Uongo mtupu! Lakini Kulwa hakujitetea. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kufundisha watoto pale uwanjani, na posa yake tulishapeleka kwa wazazi wa mchumba, Kisesa. Kazi ikafutwa. Posa ikarudishwa. Akachukua begi, akaondoka.

Wengine wanasema yuko visiwani, wengine machimboni. Simu haipatikani. Macho yangu yanaisha, sidhani kama nitamwona tena...

Vijana, nafuu ni ya mnyonge. Ukijifanya mnyonge ili uipate, hujui utamwangusha nani. Msiifuate njia hiyo, nawasihi!

Doto bado anakuja, anapiga magoti mlangoni: "Shikamoo, Bibi." Wa nyumbani kwangu nimewaamuru: mpikieni ale, mtandikieni alale. Lakini marahaba asiipate kwa mtu yeyote humu, mpaka aje na Kulwa.