Konstebo na Maksai Wetu

Asubuhi ile nilikuwa nakoroga uji wa mahindi. Mume wangu, Eldad Pruett, alikuwa nje akiwafunga nira maksai wetu wawili, Nyota na Doa. Majani ya mwaloni yalikuwa yamefikia ukubwa wa sikio la panya. Huku kwetu Wexcombe, katika koloni la Massachusetts, wakati wa kupanda mahindi ndio huo. Ukichelewa wiki mbili, baridi kali itayakuta yakiwa mabichi. Nina watoto wanne, na hawali majani.

Mara akaja Konstebo Thorley na fimbo yake nyeusi ya cheo.

"Ndugu Eldad, namchukua Nyota. Maboriti ya jumba jipya la mkutano bado yako msituni."

"Kwa siku ngapi, ndugu?"

"Mpaka yaishe."

Basi mume wangu akafanya nini? Akafungua nira! Akampa! Tena akasema, "Asante, ndugu." Asante ya nini, jamani? Maksai mmoja havuti plau yetu.

Nikatoka mbio, mwiko mkononi. "Nani kakutuma?"

"Wakubwa wa mji."

"Walikaa lini wakaamua?"

"Mama, rudi jikoni. Uji unaungua."

Na kweli ulikuwa unaungua. Hilo lilinichoma roho zaidi.

Siku zikapita. Eldad akawa analima kwa jembe la mkono, kipande kidogo kama mkeka. Kila jioni nilimwambia, "Nenda ukamdai maksai wako." Kila jioni jibu lilikuwa lile lile.

"Amri ya tano, Hepziba. Waheshimu baba yako na mama yako. Mchungaji anasema wakubwa wa mji nao ni baba zetu."

"Baba gani huyo anayewanyang'anya wanawe chakula?"

"Usinung'unike. Wana wa Israeli walinung'unika jangwani."

"Wakapewa mana! Sisi tulionyamaza tumepewa nini?"

Akafungua Biblia, akajificha humo. Mwanamume mzuri, hapigi, hanywi kupita kiasi. Lakini upole wake utaniua!

Siku ya tisa nilikwenda kwa jirani yangu, Mjane Tamsin Lovell, kuazima chachu. Nilimkuta uani akipika sabuni. Nikammwagia yote yaliyotupata. Akaacha kukoroga.

"Konstebo alionyesha hati ya amri?"

"Hati gani?"

"Lo! Nyinyi watu! Mnasoma Maandiko asubuhi na jioni, lakini sheria zenu wenyewe hamjaziuliza hata siku moja. Hati ya Haki ilipitishwa na Baraza Kuu la koloni mwaka juzi. Marehemu mume wangu ndiye aliyenakili ile ya mji wetu. Mimi nasoma, yeye anaandika, mpaka nikaikariri. Sikiliza: mnyama wa mtu asichukuliwe kwa kazi ya umma bila hati ya amri inayotokana na sheria ya Baraza, wala bila ujira wa haki. Akiumia kazini, mwenyewe afidiwe."

Nikakaa juu ya ndoo. "Imeandikwa hivyo?"

"Na si jambo jipya. Miaka zaidi ya mia nne iliyopita, maofisa wa Mfalme Yohana wa Uingereza walikuwa wakijichukulia tu mali za watu. Wakubwa wa nchi wakambana kando ya mto mpaka akatia muhuri mkataba. Humo mlikuwa na neno hili: ofisa asichukue farasi wala mkokoteni wa mtu huru bila ridhaa yake."

"Farasi," nikasema. "Sisi tuna maksai."

"Ndiyo maana wenzetu wa huku wakaandika mnyama wa aina yoyote!" Akacheka, kisha akakunja uso. "Miaka kumi na mitano iliyopita, Bunge la Uingereza lilimpelekea Mfalme Charles ombi. Asitoze kodi bila idhini ya Bunge. Asimfunge mtu bila kuonyesha kosa lake. Mambo yale yale! Wakubwa husahau, nasi hatuna budi kuwakumbusha."

"Kumbe hata mfalme yuko chini ya sheria?"

"Sembuse Thorley!"

Nikakumbuka jambo. "Lakini Eldad bado hajapokewa kanisani. Asiye mshirika wa kanisa hana kura. Atasemaje mkutanoni?"

"Hilo nalo limeandikwa. Kila mtu, mwenyeji au mgeni, aliye huru au asiye huru, anaruhusiwa kuja kwenye mkutano wa mji. Atasema au ataleta maandishi, mradi kwa wakati wake na kwa adabu."

Mimi najua kusoma, lakini kuandika sikufundishwa. Tamsin akaniandikia ombi. Nikamtupia Eldad mapajani. Akalisoma mara tatu.

"Huku si kunung'unika?" akauliza.

"Huku ni kuomba kilichoandikwa! Kilichoandikwa, Eldad!"

Jumatatu mkutano ukakaa. Mimi na Tamsin tulisimama mlangoni. Eldad akainuka, karatasi mkononi. Shemasi Crowell, mmoja wa wakubwa, akamkata kauli.

"Huna kura. Kaa chini."

Nikafumba macho. Nikajua atakaa tu. Nikajua tutakula magome ya miti.

"Sipigi kura," Eldad akasema polepole. "Naomba. Hati ya Haki imo sandukuni mwako, Shemasi. Naomba isomwe."

Watu wakaguna. Sanduku likafunguliwa. Karatasi ilikuwa bado imefungwa kwa uzi wa marehemu Lovell. Haikuwahi kufunguliwa! Karani akasoma. Alipofika kwenye maneno ya mnyama wa mtu, Thorley akainama. Alipofika kwenye maneno "aliye huru au asiye huru", Shemasi akakohoa.

Nyota alirudi siku hiyo hiyo, ana kidonda begani. Kama ujira na fidia ya kidonda, mji ukatuletea jozi mbili za maksai, zikalima shamba lote kwa siku mbili. Tena wakapatana kwamba Hati ya Haki isomwe mbele ya watu wote kila mwaka. Mahindi yetu yalikomaa kabla ya baridi.

Mwezi wa kumi, mvua inanyesha, tukasikia hodi. Ni Thorley. Safari hii alishika kofia mkono mmoja na hati ya amri mkono wa pili. Mji ulitaka maksai kwa siku mbili, na ujira umetajwa. Eldad akaipokea pale pale kizingitini, akaanza kusoma kuanzia juu kabisa.

"Ndugu, nalowa," Thorley akasema.

"Subiri. Nimefika mstari wa tatu."

Mume wangu husoma polepole mno. Kwa mara ya kwanza tangu anioe, sikumharakisha.