Ukuta wa Kozi Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Futi alimsaidia baba yake kuvua turubai lililofunika gari. Yeye alishika pembe mbili, baba pembe mbili, wakalikung'uta maji na kulikunja mara nne. Mvua ikiwa imenyesha, maji yalikuwa yamepenya hata hivyo. Baba alifungua mlango wa nyuma, akatoa mitungi ya gesi, mota na mafundo ya waya, akavifuta kimoja kimoja huku akiguna. Alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Fundi Barafu. Gari lile dogo la mizigo ndilo lililokuwa karakana yake.

Futi, binti yake, naye hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na mama yake, aliyekuwa fundi mwashi. Tangu akiwa mdogo alizoea kutembea na futi ya mama yake ya kupimia, akapima meza, akapima kuku wa jirani, akapima hata masikio ya bibi. Mama alicheka, akasema kwamba nyumba hii ina futi mbili, moja ya chuma na nyingine inayomaliza chakula.

Mama ndiye aliyeanza kujenga banda la gari. Pembeni mwa nyumba, kati ya chumba cha bibi na ukuta wa jirani, alimwaga sakafu ya zege akaisawazisha vizuri. Kisha akaanza ukuta wa upande wa nyumba. Alijenga Jumamosi asubuhi tu, siku aliyokuwa hana kazi za watu, na Futi ndiye aliyemkorogea saruji na mchanga. Walipofika kozi ya tatu, yaani safu ya tatu ya matofali, mama akampa mwiko, akamwambia apange tofali moja peke yake. Lilikaa mshazari. Futi alitaka kulitoa alirudie, lakini mama alimshika mkono.

"Liache," alisema. "Fundi asiyekosea ni yule asiyejenga."

Kozi ya nne haikuanzwa. Mama aliugua, akalazwa, na baada ya majuma matano walimzika. Futi alikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa ilikuwa imepita miezi saba, na ukuta ule ulikuwa umebaki vilevile, kimo cha magoti, umeota ukungu wa kijani upande usiopata jua. Kila akirudi shuleni Futi alipitisha kiganja juu ya tofali lake la mshazari kabla ya kuingia ndani. Hakumwambia mtu.

Siku moja, wakiwa mezani, baba alikunjua karatasi yenye picha. Lilikuwa banda la chuma la kiwandani. Alieleza kwamba linakuja vipandevipande, kuta zake, paa lake na mlango wake, na mafundi wa kampuni huviunganisha kwa bolti wakamaliza kwa siku moja. Mota mbili za wateja zilikuwa zimeingia maji mwezi ule, na mteja mmoja alikuwa amekwenda kwa fundi mwingine.

Bibi, mama yake mama, aliitazama karatasi kwa mbali kama anayeogopa itamng'ata. Alisema banda la bati hugeuka tanuri mchana, na kwamba linalotoka kiwandani halijui kiwanja chako kina kona gani. Tofali hufuata ardhi, bati hutaka ardhi ilifuate. Tena kazi iliyoanzwa na mtu humalizwa na watu, na haraka haraka haina baraka.

"Ni kweli, mama," baba alijibu taratibu. "Lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo. Mimi si mwashi. Nikimtafuta mwashi leo, atamaliza lini, na mvua ndiyo hiyo?"

Futi alitaka kusema kwamba atakoroga saruji yeye, kila Jumamosi, hata mwaka mzima. Badala yake aliomba ruhusa ya kuondoka mezani.

Kesho yake muuzaji wa mabanda alitaka kujua upana wa nafasi. Banda lilikuwa na upana wa mita tatu, na mafundi walihitaji nafasi ndogo kila upande ili spana zizunguke. Kwa hiyo ilitakiwa mita tatu na sentimita ishirini, isipungue. Baba alikuwa amelala chini ya jokofu la mteja, mikono imejaa grisi. Alimwita Futi.

"Nipimie, mama. Kuanzia ukuta wa marehemu hadi ukuta wa jirani. Wewe ndiwe fundi wa vipimo humu ndani."

Futi alichukua futi ya mama yake. Aliifunga ncha kwenye tofali, akavuta hadi kwa jirani, akasoma. Mita tatu na sentimita arobaini. Banda lingeingia na nafasi ingebaki. Alipima tena, akapata vilevile. Alisimama pale na futi mkononi. Kama nafasi ingekuwa ndogo, baba angeachana na lile banda. Angetafuta mwashi. Ukuta ungeendelea kupanda.

"Umeona ngapi?" baba aliita.

"Mita tatu na tano," Futi alijibu.

"Sentimita tano tu? Una hakika?"

"Nimepima mara mbili, baba."

Na hilo la mwisho lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka kirahisi. Baba akasema haya, asante mwanangu. Futi aliikunja futi akairudisha mahali pake. Jioni ile alikula sahani mbili, mpaka bibi akamuuliza kulikoni.

Siku mbili zilipita bila neno la banda. Futi aliona mambo yamekwenda alivyotaka. Shuleni alicheka, akajibu maswali, akamwambia rafiki yake kwamba banda lao litakuwa la matofali, kazi ya mama yake mwenyewe.

Siku ya tatu, alipokata kona ya nyumbani, alisikia nyundo. Aliona vumbi jekundu likielea juu ya paa la gari. Alianza kukimbia. Baba alikuwa amepiga magoti juu ya zege na tindo mkononi, na mbele yake palibaki matofali manne tu ya kozi ya kwanza. Mengine aliyapanga kando kwa uangalifu, mazima huku, yaliyovunjika kule. Futi alitafuta tofali lake kwa macho. Hakuweza kulijua. Likiwa limetoka ukutani, lilikuwa tofali kama matofali mengine.

"Baba, unafanya nini?"

Baba hakumtazama. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba alimpigia muuzaji simu, na muuzaji akamwambia mita tatu na tano hazitoshi, lakini ukuta ule mfupi ukiondolewa nafasi itapatikana. Alikuwa amekwisha kuagiza banda. Jumamosi lingeletwa.

Futi alitaka kusema palepale. Alifungua mdomo, na alichokiona ni yale matofali manne. Kusema sasa kungesaidia nini? Aliingia ndani, akalala kifudifudi na sare yake ya shule, viatu miguuni. Bibi alipokuja kumuita, alisema tumbo linamuuma.

Jumamosi asubuhi lori lilileta banda, na mafundi watatu wakashuka. Msimamizi wao alikuwa mtu mnene mwenye penseli sikioni. Kwanza aliikagua sakafu, akaweka pimamaji yake pembe zote nne, akauliza ni nani aliyemwaga zege ile, maana kwingi walikokwenda ilibidi waanze kwa kumwaga upya. Baba alisema ni mke wake. Msimamizi akamwomba ampe salamu zake, kazi nzuri sana. Baba aliitikia kwa kichwa tu, akatazama pembeni.

Kisha msimamizi akapima upana. Alisimama, akapima tena. Akaitazama alama ya saruji iliyobaki pale ulipokuwa ukuta.

"Bosi, hapa kulikuwa na ukuta?"

"Ulikuwapo. Nimeubomoa ili tupate nafasi."

"Nafasi ipi? Ukuta ungebaki, bado ulikuwa na mita tatu na arobaini. Banda lingeingia bila kuugusa."

Baba alitoa mfukoni kikaratasi alichoandika kipimo. Alikisoma, akakigeuza, kana kwamba upande wa nyuma ungekuwa na maelezo. Futi alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji ya kunywa ya mafundi. Alingoja baba ageuke amtazame. Baba hakugeuka.

"Nilisikia vibaya," alisema hatimaye. "Nilikuwa chini ya jokofu. Kosa langu mwenyewe."

Mafundi waliendelea na kazi. Saa tisa alasiri banda lilikuwa limesimama, la kijivu, limenyooka, mlango wake ukipanda na kushuka bila kelele. Waliagana, lori likaondoka. Gari halikuingizwa. Baba alilipita akaenda upande wa jikoni, bibi alikokuwa akichambua mboga kibarazani. Futi alikuwa ndani, anaosha vyombo karibu na dirisha, akasikia yote.

"Mama, nisamehe," baba alisema. "Nimevunja kazi ya mwanao bure, kwa uzembe wangu. Sikusikia vizuri, na sikwenda kupima mwenyewe. Nilitaka ukuta ule ubaki. Nilipanga tuuwekee ubao juu, tuwe na pa kukaa jioni, wewe na mimi na mtoto." Sauti yake ilikatika. Futi hakuwa amemsikia baba akilia tangu siku ya mazishi, na hata siku ile hakulia hivi.

Sahani ilimtoka mkononi ikaanguka kwenye beseni. Alitoka nje, mikono ikichuruzika maji.

"Hukusikia vibaya, baba," alisema. "Mimi ndiye niliyedanganya. Niliona mita tatu na arobaini."

Futi alieleza yote akiwa amesimama, kwamba hakutaka lile banda, kwamba alitaka ukuta uendelee, kwamba aliona baba anamfuta mama kwa bati. Alieleza pia kuhusu tofali la mshazari. Alipofika hapo alishindwa kuendelea.

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Usoni mwake hasira ilikuja, Futi aliiona waziwazi, akangoja. Lakini baba alikaa chini kibarazani, akajishika kichwa.

"Nilijaribu kuujenga," alisema. "Hukuwapo, ulikuwa shuleni. Nilikoroga saruji, nikashika mwiko wake. Mpini ulikuwa umechimbika pale kidole gumba chake kilipokaa. Saruji ikakauka kwenye beseni sijaweka hata tofali moja. Ningekwambia hivyo, mwanangu, pengine tusingefika hapa. Nilikwambia habari ya mvua na ya wateja tu."

"Ungeniambia, ningesema ukweli," Futi alisema.

"Hapana," bibi alisema.

Alikuwa bado na kisu na mboga mapajani. Aliviweka chini, akamvuta mjukuu wake akae karibu naye. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Baba yako ana lake, nami nitamwambia kwa wakati wake. Lako libebe mwenyewe, usimtwishe. Ulilipenda jambo jema, mjukuu wangu. Hakuna anayekulaumu kwa kupenda ukuta wa mama yako, hata mimi niliupenda. Lakini ulidhani uongo ukiutupa utaangukia pale unapotaka. Uongo hauchagui pa kuangukia. Uliutupa juu ya bati, ukaangukia tofali. Kesho mtu akitaka kufanya jambo usilolipenda, mwambie sipendi, hata ukilia, hata akikukatalia. Ungesema mezani siku ile, tungekusikia. Pengine banda lingekuja, lakini ukuta ungekuwapo."

"Nisamehe, bibi. Nisamehe, baba."

"Tumekusamehe," bibi alisema. "Kusamehewa si kurudishiwa, lakini. Hilo nalo ulijue."

Futi alilia mpaka kwikwi zikamshika. Baba alisogea, akamwekea mkono begani, na hakumwambia anyamaze. Walikaa hivyo mpaka jua likahama kibarazani.

Kabla ya magharibi baba aliinuka akaliingiza gari ndani ya banda, taratibu, Futi akimwongoza kwa mkono kutoka nyuma. Walibeba mitungi na mota, wakavipanga penye ukavu. Walipomaliza, baba alishusha mlango, wakasimama mbele yake wakitazama zile kuta za kijivu zisizokuwa na alama ya mkono wa mtu.

"Baba," Futi alisema, "mimi banda hili silipendi."

Baba alivuta pumzi.

"Hata mimi silipendi," alijibu. "Umefanya vizuri kusema."