Mtungi wa Mama Lemein

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kunusa. Usicheke. Watoto wengine huosha vyombo, wengine hulisha kuku. Mimi, Soipan, nilinusa maziwa katika kibanda cha mama yangu, nyuma ya soko la Kitengela.

Akina mama walitoka pande za Isinya na mitungi yao, wakashuka kwenye pikipiki kabla jua halijapata nguvu. Niliinamisha kichwa wakanigusa utosini kwa salamu, kisha nikafungua mtungi mmoja baada ya mwingine. Nikisema, "Iko sawa," maziwa yalimiminwa katika mkebe mkubwa wa lita hamsini. Nikikunja uso, mtungi ulirudi ulikotoka. Koko, yaani nyanya yangu, ndiye aliyenifundisha nikiwa na miaka sita, akitumia kibuyu kilichofukizwa kwa moshi wa mti wa oloirien. Wateja waliniita Pua, nami nililipenda jina hilo kuliko lile lililo kwenye cheti changu cha kuzaliwa.

Siku niliyoharibu mambo ilikuwa Alhamisi. Mama aliniambia nioshe mitungi ya kibanda kwa maji moto na sabuni, nisugue kwa brashi, nisuuze mara tatu. Lakini darasa letu lilikuwa na mechi ya netiboli saa kumi na moja jioni, na mfungaji wetu nilikuwa mimi. Nikachukua dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikaichanganya na dawa ya kusafisha choo ndani ya ndoo moja. Nilidhani dawa mbili zingefanya kazi mara mbili. Kisha nikafunga mlango wa stoo ili mama asinione.

Ndoo ilitoa povu, na hewa kali ikapanda usoni. Nilikohoa hadi machozi yakanitoka, pua ikaniwasha kama niliyevuta pilipili. Nikafungua mlango, nikamwaga ile dawa nje, nikasuuza mitungi, nikakimbilia uwanjani. Tulishinda. Sikumwambia mtu.

Asubuhi iliyofuata chai haikuwa na harufu. Ilikuwa na joto na sukari, basi. Sabuni haikunukia, wala moshi wa jikoni. Nilikaa na kikombe mkononi nikingoja kuogopa, lakini woga haukuja. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu ukafa ganzi: unaugusa, unajua ni wako, lakini hauhisi kitu. Nikajiambia ni mafua tu. Mama naye alikuwa na mafua wiki hiyo, pua imeziba kabisa, na kibanda kizima kilinitegemea mimi.

Hapo ningesema. Sentensi moja ingetosha. Lakini ningesema nini, kwamba Pua hana pua? Nikaamua kuigiza. Niliingiza uso kwenye mtungi, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikainua kichwa. "Iko sawa." Nilitazama kama maziwa yana mabonge. Nilitazama pia macho ya aliyeyaleta. Ijumaa ikapita hivyo. Sijivunii, lakini siku ile hata sikujisikia vibaya. Sikujisikia chochote.

Jumamosi, Mama Lemein alikuja na mtungi wa manjano ambao sikuwa nimewahi kuuona.

"Soipan, hii si yangu," alisema. "Yangu ilipasuka jana, nikaomba ya jirani. Nimeosha, lakini bado niko na wasiwasi. Nusa vizuri, mtoto wangu. Wewe ndio unajua."

Moja, mbili, tatu.

"Iko sawa, Mama Lemein."

"Ashe," alinishukuru, akamimina maziwa yote ndani ya mkebe, juu ya yale ya wenzake.

Jumamosi watu huchelewa kuamka, kwa hiyo kufikia saa hiyo alikuwa amekuja mteja mmoja tu. Huyo alikuwa Mama Dennis, jirani yetu, ambaye mtoto wake wa mwaka mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameanza kunywa maziwa ya ng'ombe. Mama alimjazia kopo lake, akalifunika, naye akaenda zake nyumbani kuyachemsha.

Kama nusu saa baadaye nilichukua ule mtungi wa manjano niuoshe. Matone yaliyobaki nilimpa paka wetu, kama kawaida. Alikuja mbio, mkia juu. Akanusa. Akarudi nyuma hatua mbili, akapiga chafya, akaondoka. Na huyo ni paka ambaye amewahi kula sabuni.

Nilisimama nikamtazama akienda. Paka alijua jambo ambalo mimi sikulijua. Ndani ya kibanda, mama alikuwa ameshika kata tayari kumchotea mteja wa pili, mpishi wa hoteli. Nikisema, watu wote pale wangejua kwamba nimewadanganya. Nikinyamaza, Dennis angekunywa.

"Yeyo, wacha!" nilimwita mama kwa sauti. "Usiuzie mtu! Sisikii harufu! Tangu jana sisikii harufu ya kitu chochote!"

Sikungoja jibu. Nilikimbia hadi kwa Mama Dennis, nikaingia bila kubisha. Vitunguu vilikuwa vikikaangwa. Kikombe cha maziwa yaliyochemshwa kilikuwa kinapoa ndani ya bakuli la maji, na Dennis alikuwa amekwisha kukinyooshea mikono.

"Mama Dennis, usimpe! Nusa kwanza!"

Alinishangaa, lakini alikichukua kikombe, akatoka nacho nje, mbali na vitunguu. Akainamisha uso.

"Mungu wangu. Hii ni mafuta ya taa!" Alimnyanyua Dennis akamkumbatia hadi mtoto akaanza kulia. "Soipan, ulikuwa wapi asubuhi hii?"

Nilikuwa palepale, na pua imeingia mtunguni.

Tulimwaga mkebe wote nyuma ya kibanda. Kwetu maziwa hayamwagwi ovyo, na akina mama walisimama wakiyatazama yakipotea mchangani. Mama Lemein hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikuambia unuse vizuri." Nilijua hapo ndipo ningepaswa kulia. Macho yalibaki makavu.

Mchana huohuo mama alinipeleka kituo cha afya. Daktari Makena alinimulika puani kwa tochi, akaniuliza nilivuta nini. Nikamwambia yote: ndoo, mlango, mechi.

"Juu kabisa ndani ya pua kuna seli ndogo sana," alisema. "Kila seli iko na vipokezi. Harufu ikigusa kipokezi, seli inatuma ujumbe kwa ubongo, na ubongo unasema haya ni maziwa, huu ni moshi. Ukichanganya zile dawa mbili inatoka gesi ya sumu. Hiyo gesi imeumiza seli zako. Harufu bado inafika, inabisha, lakini hakuna anayefungua."

"Zitapona?" mama aliuliza.

"Seli za pua huota upya, lakini pole pole. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi. Siwezi kuwaahidi. Soipan, uwe unanusa vitu vinne kila asubuhi, ukikumbuka harufu yake. Na ungekaa na mlango umefungwa kidogo tu zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya mapafu, si pua."

Nikaanza. Limau, karafuu, majani ya chai, kibuyu cha koko. Mafua ya mama yaliisha, akawa yeye wa kunusa. Kazi yangu ikawa kuwaambia waliokuja, mmoja mmoja: "Mimi bado sisikii harufu, ngoja Yeyo." Wiki ya kwanza niliyasema maneno hayo nikitazama chini. Ya tatu nikayazoea. Wiki ya tano bado dunia ilikuwa kama karatasi tupu.

Jumanne ya wiki ya sita nilifungua kibuyu, nikavuta pumzi, na kitu kikagusa. Kilikuwa kidogo mno, kama jiko la mtu wa mbali. Moshi. Moshi wa oloirien.

Nililia. Sikulia maziwa yalipomwagwa, wala mbele ya daktari, lakini hapo nililia kwa sauti mpaka mama akadhani nimejikata. Nilipomwambia, aliketi karibu nami akaniacha nimalize.

Mara Mama Lemein akafika na mtungi wake mpya. "Kwani Pua amerudi?" akauliza. "Haya, nusa yangu."

Niliinama. Safari hii sikuhesabu.

"Sina uhakika," nilisema. "Yeyo, njoo unuse pia."

Mama alinusa, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanigeukia.

"Siku ile ulikuwa na haraka, ukachanganya dawa, ukaumiza pua. Pua inapona. Lakini ile 'iko sawa' yako ndiyo ilitaka kuua mtoto wa watu. Hii 'sina uhakika' umesema leo, hii ndiyo nilikuwa nataka kusikia."

Mama Lemein akanigusa utosini, akamimina maziwa yake.