Tarakimu za Mwisho

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mwanafunzi wa uzamili wa takwimu alifungua daftari lake kwenye maabara ya kompyuta, akakuta ukurasa wa tisa umechanwa. Ndio uliokuwa na mgawanyo: nyumba ipi ilihojiwa na nani. Dakika kumi baadaye mjumbe wa mtaa akapiga simu. Katika nyumba mia na ishirini za mtaa wake, nusu ya nyumba zote za utafiti, hakuna aliyepigiwa hodi.

"Alhamisi natetea tasnifu," alimwambia Bi Desimali, fundi takwimu wa idara, machozi yakimlengalenga. "Nusu ya data imepikwa!"

Wahojaji walikuwa wawili: mama yake mdogo, muuguzi mstaafu, na mwanafunzi mwenzake aliyebandikwa jina la Daktari Mtarajiwa kwa jinsi alivyojisikia. Kila mmoja alikuwa na faili lake, la watu mia na ishirini, mmoja kwa kila nyumba, majibu tu bila anwani. Saa nne wote walikuwa wameketi mbele ya Bi Desimali.

"Sipendi kusema," alianza Daktari Mtarajiwa, ambaye alipenda sana kusema, "lakini tazama umri kwenye faili la Mama. Thelathini, thelathini na tano, arobaini. Sifuri na tano tupu! Hii si data, ni makisio."

Mwanafunzi alimtazama mama yake mdogo, akaona aibu kwa kumshuku mtu aliyemlea.

"Mama, uliwaulizaje umri?" Bi Desimali aliuliza.

"Niliuliza, wakanijibu 'kama arobaini hivi'. Ulitaka niwabishie?"

Bi Desimali alicheka, akageuza kompyuta.

"Watu halisi hujibu hivyo hivyo, hupenda sifuri na tano. Sasa tazama faili la pili. Wenye umri unaoishia na sifuri, kumi na wawili. Unaoishia na moja, kumi na wawili. Mpaka tisa, kumi na wawili kamili. Hata bahati haigawi hivi. Huyu ni mtu aliyesoma takwimu, akaogopa kuonekana anapendelea tarakimu fulani." Akamgeukia Daktari Mtarajiwa. "Ningeweza kwenda kuuliza majirani, mwanangu. Lakini tarakimu ziliniambia kabla sijavaa viatu."

Kijana aliinamisha kichwa. Akatoa mfukoni ukurasa uliokunjwa mara nne.

"Mke wangu alijifungua wiki ile," alisema. "Nilishindwa kumwacha mtoto."

"Si ungesema!" Mwanafunzi alifoka. Alikuwa na hasira kweli, na wakati huohuo moyo umemtulia, kwa kuwa mama yake mdogo alikuwa safi. "Sasa nitatetea mwezi ujao. Na nyumba zote mia na ishirini utazipigia hodi wewe."

"Nitamsindikiza," alisema mama mdogo. "Na huyo mtoto nitamwona njiani."

Jumanne, saa tatu asubuhi, mlango wa kwanza ulifunguliwa na mama mwenye kanga kiunoni.

"Umri wako, mama?"

"Andika arobaini."

Daktari Mtarajiwa alifungua mdomo kubisha. Mama mdogo akakohoa.

Akaandika arobaini.